Je, Picha Yatosha Kuwa Shahidi?

Swali tutakalolitazama mwezi huu laweza kuonekana dogo mno, hata msomaji akauliza kwa nini tumelipa nafasi. Nalo ni hili: mtu akionyeshwa picha ya mdudu, akaombwa kumtaja kwa jina lake kamili, je, ni halali kwake kulitaja jina hilo ikiwa picha haimwonyeshi zile alama ambazo jina limesimama juu yake? Wengine watasema, "Mdudu ni mdudu tu, akiitwa hivi au akiitwa vile, nani atadhurika?" Twamwomba msomaji atuvumilie kidogo, maana twadhani madhara yapo, tena hayawaangukii wadudu peke yao.

Wadudu tunaowasema ni wa ukoo ambao wajuzi huuita Elateridae. Ni mbawakawa wembamba, warefu kidogo, wengi wao wa rangi ya kahawia au nyeusi, wenye miguu mifupi. Ukimlaza mmoja chali ni vigumu kwake kujigeuza kwa miguu yake. Lakini chini ya kifua chake mna mwiba, na nyuma ya mwiba huo mna kishimo. Yeye hujikunja mgongo, mwiba ukazuiliwa ukingoni mwa kishimo, kisha huponyoka na kuingia ndani kwa ghafula; ndipo mdudu hualika kama vidole vya mtu vialikavyo, akarushwa juu hewani. Mwaka 1972 mjuzi M. E. G. Evans aliandika habari za mruko huo, akimchunguza mmoja aitwaye Athous haemorrhoidalis, naye akaonyesha kuwa mdudu huyu huruka kwa nguvu za mgongo wake wala si kwa miguu. Watoto katika nchi nyingi hupenda kuwageuza chali ili wawaone wakiruka, wala hawakungoja vitabu kuwafundisha.

Katika dunia nzima aina zao zilizokwisha kupewa majina ni kama 10,000. Katika Afrika ya joto wamo walio wakubwa sana, wa jamaa ya Tetralobus, ambao mabuu yao yameonekana yakikaa katika vichuguu vya mchwa. Walakini sisi tutasema zaidi habari za wale wa Uingereza, kwa sababu huko wamechunguzwa kwa miaka mingi na watu wengi, na aina zao hazifiki mia. Hata mtu angedhani kwamba huko kazi ya kuwatambua imekwisha kuwa nyepesi. Sivyo ilivyo.

Kwanza yatupasa kueleza habari ya majina yenyewe. Wajuzi huwagawanya viumbe karibu kama sisi tunavyowagawanya watu: kwanza ukoo, kisha mlango, kisha aina yenyewe. Kila mdudu ana majina mawili, la mlango na la aina, kwa desturi iliyowekwa na Linnaeus wa Uswidi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1758 yeye ndiye aliyewapa wadudu hawa jina la Elater. Zamani aliyetaka kujua jina la mdudu alimkamata, akamwua, akamchoma pini, akampelekea mjuzi katika sanduku. Siku hizi watu wengi wanazo simu zenye kamera. Mtu atembeaye katika bustani yake jioni humwona mdudu juu ya jani, humpiga picha, huipeleka kwa mjuzi, naye huuliza, "Huyu ni nani?" Sisi twaliona hili kuwa jambo jema. Watu wasiosoma elimu ya wadudu wamepata kuleta habari za mahali ambapo wajuzi wasingefika, na mdudu mwenyewe akabaki juu ya jani lake.

Tena ziko picha zitoshazo kabisa. Huko Marekani yuko mmoja aitwaye Alaus oculatus, mkubwa, ambaye juu ya kifua chake ana madoa mawili meusi yaliyozungukwa na duara nyeupe, mfano wa macho makubwa yanayokutazama. Anaye ndugu, Alaus myops, ambaye macho yake hayo ya uongo ni madogo zaidi na duara zake ni nyembamba. Picha iliyopigwa vizuri kutoka juu yatosha kuwatenga hao wawili. Hapo asiyetaka kutaja jina kwa kisingizio cha unyenyekevu ni mvivu tu, nasi hatumsifu.

Bali tukirudi Uingereza twakuta mlango uitwao Melanotus. Wa mlango huu mtu aweza kuwatambua kwa kucha zao, maana zina meno kama kitana, kama kamera iliweza kufika karibu hata kucha zikaonekana. Lakini ndani ya mlango huo zimo aina mbili, Melanotus villosus na Melanotus castanipes, weusi-weusi wote wawili, wakubwa sawa, wakikaa wote katika miti iliyooza. Anayetaka kuwatenga kwa hakika humpasa kuwa na dume, kumfungua, na kukitazama kiungo chake cha uzazi kwa hadubini. Hakuna picha ya bustanini ionyeshayo jambo hilo. Mpiga picha angekuwa fundi kuliko mafundi wote, na kamera yake ingekuwa ya bei kubwa kuliko zote, bado asingeweza kuionyesha alama iliyofichwa ndani ya mwili wa mdudu aliye hai.

Hapa twataka msomaji atenge aina mbili za kutokujua. Iko ile iondolewayo kwa bidii: picha imetiwa giza, basi piga nyingine, umempiga kutoka juu tu, basi mpige na ubavuni na usoni, hukuonyesha ukubwa wake, basi weka kipimo karibu naye. Na iko ile isiyoondolewa kwa bidii ya namna hiyo kabisa, kwa sababu njia yenyewe haifiki mahali ambapo jibu lipo. Watu wengi huzichanganya hizo mbili. Wakiambiwa, "Kwa picha hii hatuwezi kusema," hupeleka picha ishirini nyingine za namna ile ile, wakidhani kuwa mjuzi ameona haya kusema au amekuwa mkaidi. Wahenga walisema kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Katika kazi hii mwenye macho huambiwa tazama, na akiisha kutazama huambiwa tena, na siku nyingine huambiwa kwamba macho hayakuwa chombo cha kazi hiyo.

Kati ya hao wa kuonekana wazi na hao wasioonekana kabisa wako walio wengi, nao ndio wanaoitia dhamiri mashakani. Mlango wa Ampedus una aina kadhaa zenye kifua cheusi na mabawa mekundu, wazuri sana wa kutazama. Mmoja wao, Ampedus sanguinolentus, kwa kawaida ana doa jeusi katikati ya mabawa, naye hutambulikana. Wengine hutengwa kwa rangi ya vinyweleo vyao na kwa vishimo vidogo-vidogo vilivyotobolewa juu ya kifua, jinsi vilivyosongamana au vilivyoachana. Picha nzuri yaweza kuonyesha baadhi ya mambo hayo, isionyeshe mengine. Basi mwenye kuulizwa atafanyaje? Amekwisha kuona alama tatu kati ya tano. Moyoni mwake jina limekwisha kuja. Aliyemwuliza anangoja, tena amemshukuru mapema.

Twadhani hapo ndipo jaribu lilipo, wala si katika ujinga. Mjinga hana cha kutaja. Mwenye kujaribiwa ni yule ajuaye mengi, maana amezoea kutaja majina sawasawa, na watu wamezoea kumwamini. Na kwetu jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa tumelelewa katika adabu ya kutomrudisha mgeni mikono mitupu. Mtu aulizapo njia, wengi wetu twaona ni afadhali kumwonyesha kwa kidole upande fulani kuliko kumwambia hatujui. Twasema ni ukarimu. Lakini msafiri aliyeonyeshwa njia isiyo yake, jioni hatausifu ukarimu huo.

Tufikiri baraza la wazee likisikiliza shauri la mbuzi aliyeibwa. Shahidi asimama, asema, "Nilimwona mtu usiku, mrefu, amevaa kanzu." Wazee humwuliza, "Ulimwona uso?" Akijibu, "Sikuuona, ila najua ni fulani, maana yeye ni mrefu na ana kanzu," watamkemea. Hawamkemei kwa kuwa lazima amekosea. Yamkini mwizi ni fulani kweli. Wamkemea kwa kuwa ameyachanganya aliyoyaona na aliyoyadhani, akayaleta yote kwa jina moja la ushuhuda. Basi mtu atajaye Melanotus villosus kwa kuona mgongo tu, hata likiwa ndilo jina la kweli, ametenda kama shahidi yule. Jina ni la kweli, ushuhuda ni wa uongo. Jambo hili wengi hawalipendi, kwa sababu twahesabu uongo kwa kutazama kama neno limepatana na mambo yalivyo, nasi husahau kuuliza kama msemaji alikuwa na haki ya kulisema.

Wako watakaojibu kwamba wasemapo si mmoja bali kumi, nao wote wakakubaliana, mashaka huondoka. Kama wale kumi walimwona mdudu, kila mmoja kwa upande wake, hilo lingekuwa kweli. Lakini wote wameitazama picha ile ile moja. Shahidi ni mmoja, ni picha. Wale kumi ni wasikilizaji wake tu. Kisichokuwamo katika picha hakiongezeki kwa wingi wa wanaoitazama. Hata kompyuta za siku hizi, zilizofundishwa kutaja majina kwa kuonyeshwa maelfu ya picha, zilijifunza kwa picha ambazo watu walikwisha kuzitia majina. Zikilisema jina, zaturudishia yale tuliyozifundisha, pamoja na makosa yetu kama yamo. Ni msaada mkubwa kwa mtu asiyejua aanzie wapi, nasi hatuzidharau. Ila mtu akisema, "Mimi nilidhani hivyo, na kompyuta pia yasema hivyo," asijihesabie kuwa amepata mashahidi wawili.

Neno la haki lapasa kusemwa pia kwa ajili ya kukisia. Yule Athous haemorrhoidalis tuliyemtaja yumo tele katika Uingereza, naye huonekana sana mwezi wa Mei na Juni juu ya majani ya vichaka. Mtu akiona mbawakawa wa kahawia wa umbo hilo, kwa wakati huo, mahali hapo, ana sababu njema ya kudhani kuwa ndiye. Mkulima hukisia mvua, mganga hukisia homa, wala hatuwaiti waongo, maana husema wazi kwamba wakisia. Lakini anayekisia daima kwa kufuata kilicho kingi hawezi kamwe kumwona kilicho adimu kikija mbele yake; atamtia jina la jirani yake aliye wa kawaida, na ramani itaonyesha kwamba yule adimu hayupo, kumbe alipita mikononi mwetu mara tatu. Na anayetamani sana vilivyo adimu atawaona kila mahali. Hatujui dawa ya mambo hayo mawili ila kuliandika neno "yamkini" pale linapostahili, na kutolifuta baadaye kwa kuona haya.

Sasa tulijibu lile swali la kwanza, kwamba nani atadhurika. Mabuu ya mlango wa Agriotes ni ya rangi ya manjano, magumu na membamba kama waya, nayo hukaa katika udongo miaka mitatu, minne, hata mitano, yakila mizizi ya nafaka na kutoboa viazi. Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945, Uingereza ilipopungukiwa na chakula kutoka ng'ambo, malisho ya siku nyingi yalilimwa ili yapandwe nafaka na viazi. Na kwa kuwa mabuu haya yalikuwa yamejaa chini ya majani, wajuzi walitumwa kuchimba udongo kwa vipimo na kuyahesabu kabla ya watu kupanda. Walikuta mamia ya maelfu katika eka moja. Siku hizi mitego hutegwa ikiwa na harufu kama ile ya jike, ili kujua kama madume yapo shambani. Na kila aina ina harufu yake. Mkulima aliyeambiwa jina lisilo lake atatega mtego wa Agriotes lineatus, auone mtupu, alale akiwa na amani, na huku Agriotes obscurus wanazidi katika viazi vyake. Au ataambiwa kuwa mbawakawa aliyempata ni adui, atie sumu shambani, kumbe yule ni Ampedus aliyepita tu, ambaye mabuu yake hukaa katika miti iliyooza.

Habari hiyo ya harufu yatufaa na kwa jambo jingine. Wako wasemao kwamba aina ni mambo ya vitabuni, mipaka tuliyoichora sisi wenyewe ili tupate kuzungumza, na kwa hiyo kukosea jina ni kukosea mapatano tu. Lakini dume la Agriotes halikusoma kitabu. Huvuka nyasi likaenda kwa jike la aina yake, likampita jirani. Mpaka upo kabla yetu, nao wauchunga wenyewe. Sisi ndio tuliochelewa kuuona.

Yuko na mwingine, Limoniscus violaceus, mweusi mwenye kung'aa kwa rangi ya zambarau, urefu wake kama milimita 12. Katika Uingereza hujulikana mahali pachache mno. Msitu wa Windsor ni pamoja napo. Mabuu yake hukaa katika unga mweusi wa kuoza ulio ndani ya shina la mti wa kale ulio wazi katikati, karibu na ardhi, nao ni miti ya miaka mingi sana. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ya kuwalinda viumbe wa porini yamlinda mdudu huyu, hata si halali kumkamata bila ruhusa. Natuseme mtu ampiga picha mbawakawa mweusi anayeng'aa, katika shamba la miti ya kale, siku ya mbingu safi. Kitu cheusi chenye kung'aa hurudisha rangi ya mbingu, na katika picha chaonekana cha buluu au zambarau. Akitokea mtu mwenye kupenda habari kubwa, akalitaja jina lile adimu, watakuja watu wengine kumtafuta. Watapekua ule unga ulio shinani, na kuupekua ni kuibomoa nyumba ya mabuu wenyewe. Mwenye shamba naye atakatazwa kuukata mti ambao labda waegemea njia. Kisha itakapojulikana kuwa habari haikuwa kweli, atakayekuja mwaka wa pili na habari ya kweli hatasikilizwa.

Tena sheria hiyo yatuleta kwenye swali zito kuliko yote, ambalo wapiga picha wengi hulibeba moyoni. Ikiwa jina kamili la Melanotus halipatikani ila kwa kumwua na kumfungua, je, ni halali kuua kwa ajili ya jina? Wakusanyaji wa zamani hawakuona neno hapo. Wasema, nao wana haki kiasi, kwamba mdudu aliye katika sanduku aweza kutazamwa tena baada ya miaka mia, na kosa la jina lake likasahihishwa. Tena kwamba taa moja ya barabarani au jembe moja laua wengi katika juma kuliko mkusanyaji katika maisha yake yote. Hesabu hiyo hatuipingi. Walakini hatudhani kwamba hesabu ndiyo inayokata shauri. Jembe huua likitafuta chakula. Anayeua ili orodha yake isiwe na pengo aua akitafuta nini? Sisi twaona kuwa liko jina linalohitajiwa na kitu kingine nje yetu, shamba, au mti, au ramani ambayo watu wataifuata; na liko jina tunalolitaka kwa ajili ya kutulia nafsi zetu tu. Kwa lile la kwanza twakubali kwamba mdudu mmoja auawe, na mtu mwenye ujuzi, asipokuwa amelindwa na sheria. Kwa la pili twasema mwacheni juu ya jani, mkaandike Melanotus basi, bila neno la pili. Twajua mpaka huo si rahisi kuuchora siku zote, na kwamba kila mtu akitaka sana ataweza kujiambia kuwa jina lake lahitajiwa na ulimwengu.

Ila asiyetaka kuua asitake pia jina la yule aliyeua. Hapo ndipo tunapowaona wengine wakitaka mambo mawili pamoja: moyo mweupe wa kutomdhuru mdudu, na hakika ya yule aliyemweka chini ya hadubini. Mwenye kuandika jina la mlango peke yake hakushindwa kazi. Ameandika alichokiona.

Mwaka 1996 Howard Mendel na R. E. Clarke walitoa kitabu cha ramani za wadudu hawa wa Uingereza na Ireland, nukta kwa nukta, kila nukta ikiwa ni mahali ambapo mtu alisema, "Nilimwona hapa." Kwa hao wawili wa Melanotus, habari nyingi za zamani ziliandikwa kabla watu hawajajua kuwatenga vema. Zile ambazo mdudu wake aliwekwa sandukuni zaweza kutazamwa tena hata leo, dume akafunguliwa, jina likarekebishwa. Zile zilizoandikwa jina tu, bila mdudu na bila neno juu ya alama zilizoonekana, haziwezi kugawanywa tena.